Kofia ya Katikati

Muncie, Indiana
13 Februari 1983

Mdogo wangu Royce,

Hapa hakuna aliyelazwa, kwa hiyo nitaandika kwamba hatujambo. Opal anawasalimu wote wawili. Theluji imefika kwenye kidirisha cha chini cha gereji na sina haraka ya kuizoa. Kiwanda cha kuyeyusha chuma kilifungwa Oktoba, na hakuna tena mtu anayenisubiri popote saa kumi na mbili asubuhi. Binti yetu Connie amejifungua mtoto wa kike, wa pili. Mume wake ni yule yule, bado anasifu kila kitu anachoonyeshwa. Jumapili iliyopita tulikuwa na chakula cha pamoja kanisani. Opal alipeleka tambi zake juu ya viazi vya kuponda, sufuria ikarudi tupu, na wiki nzima ametembea kama mke wa gavana.

Salamu ndizo hizo. Sasa nikwambie kinachonifanya nikae chini na kalamu.

Nimeitoa injini ya Baba chini ya turubai. Ile Ford ya silinda nane, ya vichwa bapa. Miaka ishirini na sita imelala kwenye kona ya gereji, na kila mwaka nilikuwa nikiweka kitu kingine juu yake ili nisiione: taa za Krismasi, kitanda cha Connie cha utotoni, magazeti ambayo hakuna atakayeyasoma. Nimevifukua vyote. Bloku, kiwiliwili chenyewe cha injini, nimeliosha kwa brashi na mafuta ya taa mpaka naweza kulia chakula juu yake, ingawa Opal hajaniruhusu. Krenki, ule mhimili unaozunguka ndani, iliyokufa siku ile ya mashindano niliitupa zamani, nimepata nyingine kutoka kwenye lori la mkulima mmoja aliyeliacha kwenye shamba lake la mahindi likaotewa na mti.

Utauliza kwa nini sasa. Nilikwenda kwa daktari wa masikio. Miaka ishirini na tisa kando ya nyundo za kiwanda imelipwa. Masikio yote mawili yanaondoka, la kushoto likitangulia. Amesema mwaka mmoja, pengine pungufu. Nikamwuliza kama kuna sauti zitakazobaki, akasema zile nzito ndizo zitakazochelewa. Njiani nikirudi nikajiuliza ni sauti gani nzito ninayoitaka kabla mlango haujafungwa, na Mungu anisamehe, haikuwa kwaya. Nataka kuisikia injini ile ikinguruma taratibu, mara moja tu, halafu basi.

Kuna kitu kimoja kidogo. Krenki inashikiliwa kwenye bloku na kofia tatu za chuma, wewe unazijua. Ya mbele ninayo, ya nyuma ninayo. Ya katikati siioni. Wewe ndiye uliyeifungua injini ile baada ya mashindano, na hukutaka nikusaidie. Labda unakumbuka uliiweka wapi. Kama hukumbuki, usijisumbue.

Kaka yako,
Delmar


Yuma, Arizona
6 Machi 1983

Kaka Delmar,

Barua yako imetukuta salama. Imogene anakusalimu, goti lake linamsumbua lakini mdomo haujambo. Huku tuko katikati ya mavuno ya letusi na pampu za maji zinaharibika zote kwa pamoja kama zilizokubaliana. Natoka saa kumi na moja alfajiri, narudi matope yamenifika kwenye nyusi. Mpe Connie hongera. Nimeambiwa mtoto anafanana na Opal, mshukuruni Mungu kwa hilo.

Pole kwa masikio, kaka. Sikujua. Nilidhani husikii kwa sababu hukuwa ukitaka kusikia, kama Baba.

Kuhusu ile kofia, ni zamani sana. Nilikuwa na miaka ishirini na nilikuwa na haraka ya kuondoka. Nakumbuka nilivifungua vitu vile nikaviweka ndani ya sanduku la mbao, basi. Labda Mama aliitoa pamoja na vyuma chakavu. Kuna yule mzee aliyekuwa akipita na lori lake kila masika, si alikuwa akichukua kila kitu?

Lakini nikuulize, utaifunga kabureta ngapi? Usiniambie mbili. Injini ile inataka tatu. Ukiweka mbili utakuwa umemvisha bondia viatu vya shule. Na njia za hewa zipanue kidogo kwa jiwe la kusagia, hasa kwenye kona ile inayobana kabla ya valvu. Baba hakuwahi kuzigusa, alisema waliozitengeneza walikuwa na akili kuliko yeye. Sikuwahi kukubaliana naye.

Mdogo wako,
Royce


Muncie, Indiana
20 Machi 1983

Mdogo wangu Royce,

Tumepata barua yako, na Opal ameisoma kwa sauti akiwa upande wangu wa kulia. Hajambo. Mtoto wa Connie analia, hivyo nimeambiwa. Theluji imeyeyuka na kutuonyesha vitu vyote tulivyokuwa tumevisahau uani.

Mama hakuwahi kutoa chuma chakavu. Alipofariki tulikuta ndoo tatu za misumari iliyopinda aliyokuwa akingojea tuinyooshe. Ulikuwepo mazishini, uliibeba ndoo moja mwenyewe ukalalamika mgongo. Kwa hiyo mzee wa lori tumwache apumzike.

Kabureta ni mbili. Njia za hewa nimekwisha kuzipanua, mwezi mzima na jiwe la kusagia na tochi, kama daktari wa meno. Kona ile unayoisema niliikuta na nikaipunguza, halafu nikailainisha mpaka kidole hakisikii kitu. Hata wewe hupatia mara moja moja. Vichwa nimebadili, nimepata vya alumini kwa mtu wa Anderson aliyeambiwa na mke wake achague kati ya vichwa na kochi. Valvu nimezisaga zote kumi na sita kwa mkono, nikikaa kwenye kiti cha Baba.

Lakini krenki bado iko sakafuni, kwa ajili ya ile kofia. Nimejaribu kuvisha ya injini nyingine. Unajua haifai, lakini mtu aliyefungiwa kiwanda ana muda wa kuhakikisha hata anayoyajua. Kofia zilichongwa zikiwa zimefungwa kwenye bloku lake, na haziwezi kuzoea bloku la jirani. Nilipokaza ya kuazima, tundu la krenki halikuwa duara tena. Krenki iligoma kuzunguka hata kwa spana ndefu.

Nimekuwa nikiikumbuka ile Jumamosi ya Septemba. Wewe ndani ya gari, mimi kwenye ua wa mbao wa uwanja wa maonyesho, na Baba kando yangu amevua kofia yake kwa sababu ya joto. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka nyumbani tangu moyo ulipomwangusha. Mizunguko thelathini. Wa ishirini na mbili uko mbele, na vumbi la wote liko nyuma yako, halafu injini ikajifunga, kama injini iliyokosa oili. Gari likateleza kwenye nyasi, kimya. Baba alikwenda, akalitazama, akarudi. Aliuliza kitu kimoja tu, "Nani alitia oili?" Nikasema, "Mimi." Akasema, "Haya," akavaa kofia yake. Hakuzungumza nami tena habari za injini, na Februari tukamzika.

Makopo ya oili yalikuwa matano. Nilikuwa na desturi ya kuyapanga matupu juu ya ubao wa ua nikimaliza kuyamimina. Baada ya watu kuondoka nilirudi kuyahesabu.

Lakini hayo ni ya zamani. Tafuta kwenye masanduku yako ukipata nafasi.

Delmar


Yuma, Arizona
29 Aprili 1983

Kaka Delmar,

Salamu kutoka jangwani. Letusi imekwisha, sasa ni matikiti. Imogene amenunua kinyonga kwenye maonyesho ya shule na amempa jina lako, kwa sababu anatazama pande mbili kwa wakati mmoja na hasemi kitu. Usikasirike, anampenda.

Nimefikiria habari za kabureta zako mbili. Sawa, ni injini yako. Ila hakikisha vijiko vya kuelea, vile vinavyopima petroli, viko sawa kwenye zote mbili, la sivyo silinda nne zitashiba na nne zitalala njaa. Na plagi usiweke za baridi sana. Na pampu ya oili, umeibadilisha? Weka ile yenye meno marefu, ya malori. Presha ilikuwa ndogo kwenye injini ile tangu mwanzo, siku zote nilisema. Hata kabla ya siku ile.

Kwa nini usivishe kofia nyingine halafu umpe fundi Metzger bloku zima alitoboe upya kwenye mashine yake? Matundu yote matatu kwa mstari mmoja, asubuhi moja kazi imekwisha. Hutahitaji tena ile ya zamani.

Nikipata nafasi nitatafuta.

Royce


Muncie, Indiana
15 Mei 1983

Mdogo wangu,

Mnyama aliyepewa jina langu namtakia maisha marefu na nzi wengi. Opal amecheka mpaka akakaa. Anawasalimu.

Barua yako ina maneno mengi juu ya oili kuliko nilivyotarajia kwa mtu anayeshughulika na maji.

Harlan Metzger amefunga karakana yake. Nilimkuta amekaa mlangoni kwenye kiti cha kukunja. Ile mashine ya kutobolea imekwenda Ohio kwa mtu asiyejua kuitumia, aliinunua kwa sababu ilikuwa nzito. Nilimwuliza Harlan kama angeweza kunifanyia kwa mkono. Alinyoosha mikono yake nikaona inavyotetemeka, nikabadilisha mazungumzo tukazungumza mvua. Vijana wenye mashine mpya mjini wameniambia injini yangu ni ya kuweka kwenye makumbusho. Mmoja wao aliniita mzee. Nina miaka hamsini na mitatu, nikaangalia nyuma yangu kuona anazungumza na nani.

Sikio la kushoto limekwisha. Halikuaga. Jumanne nilikuwa nikinawa mikono, nikainamisha kichwa upande ule, maji yakaendelea kutoka bila sauti, kama kwenye picha. Nikafunga bomba, nikafungua tena. Opal akauliza nafanya nini, na hilo sikulisikia pia, alinisimulia baadaye.

La kulia linabaki na vitu vinene. Daktari amepunguza ule mwaka wake.

Sitauliza tena habari za kofia. Nimekwambia ninachokitaka na kwa nini, na barua hazipotei kati yetu, nimeona.

Delmar


Muncie, Indiana
24 Julai 1983

Mdogo wangu Royce,

Miezi miwili sijapata barua yako, nikadhani joto limekuyeyusha. Mahindi huku yamefika kifuani. Opal hajambo, Connie hajambo, mkwe ameisifu mvua na ameusifu ukame.

Jumatano Imogene alipiga simu kuuliza namna ya kupika ule mkate mtamu wa matunda ya persimoni wa Mama. Mimi ndiye niliyeinua simu, nikasikia kitu kama nyuki ndani ya chupa, nikampa Opal. Walizungumza saa nzima. Mkate wa Mama una vitu sita tu, kwa hiyo najua hawakuzungumza mkate.

Opal anasema Imogene anasema kwamba kwenye droo yako ya soksi kuna kipande cha chuma chenye umbo la daraja, chenye matundu mawili, kizito kiasi cha kuvunja kidole cha mguu, na kwamba amehama nacho nyumba nne. Kila akikuuliza unasema utakuja kukitumia. Yeye anadhani ni sehemu ya pampu.

Nimemwambia Opal bila shaka ni sehemu ya pampu.

Bloku liko tayari. Valvu, vichwa, kabureta, vyote tayari. Injini naifunika kila jioni kwa shuka safi, na Opal ameanza kuuliza ni shuka gani hiyo.

Delmar


Yuma, Arizona
21 Agosti 1983

Kaka,

Imogene anasalimu. Kinyonga amekufa, joto limefika nyuzi mia na kumi na nne za Farenhaiti na feni ya chumba chake iliharibika. Nilikuwa nikitengeneza feni za watu wengine.

Ndani ya kopo hili la kahawa, ndani ya soksi, iko kofia ya katikati. Nimeipaka grisi isipate kutu. Miaka yote nimeipaka grisi kila Septemba. Sijui kwa nini nakwambia hilo.

Tazama miguu yake, pale inapokutana na bloku. Utaona. Utakachokiona sitaki kukiandika kwa mkono huu kwa sababu ni mkono ule ule.

Ila hili nitaliandika, kwa kuwa halionekani kwenye chuma. Januari ile, kabla Baba hajafa, nilikuwa nikimnyoa. Wewe ulikuwa kazini. Akanishika mkono wenye wembe akasema, "Royce, kaka yako kweli alitia oili?" Nikamwambia, "Sijui, Baba." Akafumba macho nikaendelea kumnyoa.

Nilijua. Nilikuwa nimesimama hapo ukiimimina.

Ndiyo sababu niliondoka, si kwa sababu ya kazi. Nilisema kazi.

Usiniandikie kama hutaki.

Royce


Muncie, Indiana
6 Novemba 1983

Mdogo wangu,

Salamu za Opal zimekaa tayari tangu Agosti, mimi ndiye niliyezichelewesha. Majani yameanguka na nimeyachoma. Mtoto wa Connie anakaa bila kushikwa na anaangukia upande mmoja tu, wa kulia, kwa hiyo tunamwekea mito upande huo. Pole kwa kinyonga. Mwambie Imogene asimpe mwingine jina langu, nimeanza kuogopa.

Barua yako niliisoma mara moja nikairudisha ndani ya kopo pamoja na soksi. Ni soksi moja, Royce. Nimejiuliza sana ile ya pili unaivaaje.

Kofia ilikaa juu ya meza ya jikoni wiki tatu. Opal alipika kuizunguka. Siku moja nikaigeuza. Tupa imepita kwenye miguu yote miwili, na mistari yake imelalia upande ambao mkono wa kulia hauwezi kuilaza. Katika familia hii aliyeshika tupa kwa kushoto ni mmoja.

Sasa nikwambie niliyoyajua mimi, kwa kuwa wewe umekwisha kusema yako. Machi nilikuandikia kwamba nilirudi kuhesabu makopo, sikumalizia. Yalikuwa matano, yote matupu. Tangu jioni ile nilijua kwamba oili ilikuwemo. Nilijua pia kwamba wewe, ambaye hukuwahi kumwaga oili ya zamani bila kuambiwa mara tatu, uliimwaga mwenyewe asubuhi ile nilipokwenda kuchukua tairi mjini. Nilirudi nikakuta bakuli la oili chini ya injini limefunguliwa na kufungwa tena vizuri, umefuta mpaka bolti. Nikakushukuru. Unakumbuka nilivyokushukuru? Ulitazama pembeni.

Sikujua umefanya nini, ila nilijua kuna ulichofanya. Baba aliniuliza nani alitia oili, nami nikajibu swali nililoulizwa. Nilidhani ungekwenda kumwambia mwenyewe baada ya siku moja au mbili. Ukawa na miezi mitano. Mimi pia nilikuwa na miezi mitano, na mdomo, na sikuutumia. Kila nilipoingia chumbani mwake nilikuwa nikingoja aulize tena. Kumbe alikuwa amekuuliza wewe.

Kuhusu tupa. Nilichukua zile karatasi za Baba za kusokotea sigara, pakiti bado iko kwenye droo ya benchi, nikapima kama alivyotufundisha: unaweka karatasi moja, unakaza, unazungusha, unaongeza nyingine. Tupa yako ilikula unene wa karatasi mbili kila upande. Nilikuwa nimejiandaa kwa dhambi kubwa zaidi. Mshale wa presha ya oili ulioshuka kwenye mazoezi hata mimi niliuona, na najua ulitaka kubana beringi za krenki ili presha ipande, ukazibana kupita kiasi. Ungeniambia, ningeliondoa gari kwenye mashindano, na Baba angerudi nyumbani na kofia yake mkononi bila kuona hata mzunguko mmoja. Aliona ishirini na mbili, na uko mbele. Nimelifikiria hilo pia, nikitaka kukutendea haki.

Kuhusu ile "sijui," sina karatasi ya kuipimia. Ndiyo maana nimechelewa. Kila asubuhi kwa miezi miwili nimekuwa nikikuandikia barua kichwani nikiosha vyombo, barua nzuri sana, ungelia, na kila mchana naifuta. Mwisho Opal akachukua ubao wa Connie wa shuleni, kwa kuwa sasa ananiandikia kila kitu muhimu, akaandika kwa chaki, "Chagua, injini au hasira. Masikio yaliyobaki hayatoshi vyote viwili." Akauweka mbele ya sahani yangu akaenda kuanika nguo.

Nimechagua. Sikuchagua kwa furaha, na sitaki udhani imekuwa rahisi, au kwamba imekwisha. Nimechoka tu, Royce, na najua na wewe umechoka, mtu anayepaka chuma grisi kila Septemba hawezi kuwa anapumzika vizuri.

Nikakata vibati viwili vya shaba nyeupe kutoka kwenye kifuniko cha taa ya zamani, kila kimoja unene wa karatasi mbili, nikavilaza chini ya miguu ya kofia yako, nikakaza. Krenki ilizunguka kwa kidole kimoja. Nilikaa kwenye kiti cha Baba nikaizungusha kwa kidole kimoja mpaka kahawa ikapoa. Ulichoondoa nimekirudisha. Kwa nje hakionekani.

Injini yote imefungwa sasa. Iko kwenye stendi ya chuma katikati ya gereji, na rejeta mbele, betri pembeni, kabureta mbili juu, mbili, na bomba la moshi nimelitoa kupitia dirishani. Haijawashwa. Sikio la kulia linapata lori la takataka, treni ya mizigo, na kinanda cha kanisa mtu akikanyaga sauti zile za chini. Hata hayo yanakwenda. Nikiiwasha nitajua kwamba inanguruma, lakini ikigonga pale katikati, ule mgongano mdogo kama mtu anayebisha hodi kwa kucha, sitausikia. Opal anasema kwake kila injini inasikika kama injini. Mkwe amesema inasikika vizuri sana, na nimekwisha kukwambia haijawashwa.

Aliyebaki anayeijua sauti yake, jinsi ilivyokuwa kabla ya asubuhi ile, ni wewe. Kwa hiyo mwache Imogene na matikiti, upande basi, na usingoje masika, masika mimi sitakuwa na kitu cha kusikilizia. Nitaweka kiganja changu juu ya bloku na wewe utasikiliza. Ubao upo, chaki ipo. Utaniandikia unachokisikia, chochote kile, ila usiandike kwamba hujui.

Nimetia makopo manne. La tano liko juu ya benchi, halijafunguliwa. Utalifungua wewe, utalimimina wewe, na utaliweka tupu pamoja na mengine. Opal lazima atatoka jikoni kuuliza nani alitia oili, nimemwomba aulize. Mimi nitanyamaza, wewe utajibu.

Kaka yako,
Delmar